Saa ya sola ya marehemu baba inasimama kila jioni, niifungue mwenyewe?

SWALI: Shikamoo fundi. Marehemu baba kaniachia Citizen Eco-Drive aliyoinunua Muscat miaka ya tisini, imekaa kwenye droo miaka mingi. Nikiiweka dirishani inatembea ila mshale wa sekunde unaruka sekunde mbili mbili, afu giza likiingia inasimama. Fundi mmoja hapa Tanga kasema niweke tu betri ya kawaida niachane na mambo ya sola. Nina bisibisi ndogo na mita ya umeme. Naweza kuifungua nyumbani? Na hiyo mikwaruzo ya kioo niisugue na dawa ya meno?

JIBU: Marahaba, na pole kwa msiba. Hiyo saa inafufuka, na kazi yenyewe unaiweza ukiwa na subira, ila naomba sana usikubali hiyo betri ya kawaida, nitakueleza kwa nini.

Tuanze na dalili zako maana zinasema mengi. Kuruka sekunde mbili mbili sio ubovu, saa yenyewe ndo inakuonya kwamba chaji iko chini. Na kama kwenye mwanga inatembea basi jua kwamba paneli inazalisha umeme, sakiti inafanya kazi, koili (zile nyuzi za shaba za ndani) haijakatika na gia zinazunguka. Kinachogoma ni sehemu moja tu, ile betri ndogo ya ndani inayotunza umeme wa mchana uje utumike usiku. Imekaa gizani miaka, ikaisha kabisa, na betri za namna hii zikiisha hivyo kwa muda mrefu mara nyingi hazirudi, ingawa zingine zinarudi, ndo maana nasema usifungue leo.

Kwanza ichaji kwa siku kadhaa mfululizo. Iweke dirishani uso ukiangalia nje, jua la asubuhi linatosha, jua la saa saba mchana la huko kwenu sitaki. Citizen wenyewe wanakataza kuchaji kwenye joto la nyuzi 60 hivi na kuendelea, na dashibodi ya gari au bati vinafika huko bila shida, kwa hiyo huko usiiweke kabisa. Taa ya ndani nayo usiitegemee, chumba chenye tyubu kinakupa kama laksi 500 (laksi ni kipimo cha mwanga) wakati dirishani penye jua unapata 10,000 au zaidi, utasubiri sana. Baada ya hizo siku iache gizani usiku mzima. Ikiamka inatembea sekunde moja moja, funga mjadala, endelea kuichaji na uivae. Ikisimama tena, betri imekufa, sasa tufungue.

Kabla ya kufungua geuza nyuma usome. Kuna namba ndefu yenye kistari katikati, zile herufi na tarakimu nne za mwanzo kabla ya kistari ndo namba ya mashine, yaani mtambo wa ndani wa saa, kwa mfano E168. Hiyo ndo utakayoagizia betri. Usiagize kwa kufananisha ukubwa, maana betri moja ile ile inakuja na masikio ya chuma yaliyochomelewa kwa mitindo tofauti kulingana na mashine, na yasipokaa sawa haitagusa panapotakiwa.

Haya masikio yapo kwa sababu, na hapa ndo narudi kwa yule fundi. Betri ya kawaida ya saa haikutengenezwa kupokea chaji. Ukiiweka humo, kila saa ikiona jua paneli inaisukumia umeme, inajaa gesi, inavimba, inavuja, na ile dawa yake inakula njia za shaba kwenye sakiti na nyuzi za koili. Saa itatembea vizuri mwanzoni na wewe utamsifu fundi, halafu siku moja itasimama na safari hiyo hakuna cha kuokoa. Waliotengeneza waliweka masikio ili betri isiyo yake isiingie kirahisi, ukiona mtu anayakunja au anayakata ujue analazimisha. Wenye Casio za sola na nyie msikie hapo hapo, nyingi zinatumia CTL1616 ambayo ina umbo moja na CR1616 ya dukani lakini ile ya kwanza ni ya kuchaji na ya pili sio, msizibadilishane.

Sasa kufungua. Toa mkanda, afu safisha kwanza mfuniko ukiwa bado umefungwa, yaani ule uchafu wa jasho na chumvi uliojaa pembeni utoe kwa kijiti cha meno na mswaki laini mkavu, watu wengi wanaruka hii hatua na ule uchafu wote unadondokea ndani kwenye mashine. Zima feni, tandika kitambaa cheupe meza nzima, weka taa. Angalia mfuniko ni wa aina gani. Kama una vijikato kuzunguka ukingo ni wa kuzungusha kama kifuniko cha chupa, jaribu kwanza kuubana na mpira wa raba uliokauka vizuri na kuuzungusha, mara nyingi unakubali bila kukwaruza. Kama una kijipengo kimoja tu basi ni wa kubana, ingiza kisu butu humo, zungusha mkono taratibu mpaka utoe mlio, usikandamize kwenda ndani. Kama huoni kijikato wala kijipengo wala skrubu, acha, hiyo inafunguliwa kwa mbele na sio kazi ya mezani kwako.

Ukishafungua piga picha na simu kabla hujagusa chochote. Utaona nyuzi nyembamba za shaba zimezungushwa, hiyo ndo koili, nyembamba kuliko unywele, bisibisi ikiteleza mara moja tu hapo saa imekwisha, kwa hiyo mkono wako upite upande mwingine. Betri imeshikwa na kibati chenye skrubu moja au mbili. Legeza hizo tu. Tumia kibano cha plastiki, cha chuma kikigusa juu na chini kwa pamoja unaipiga shoti. Ipime na mita ikiwa nje, nzima inasoma volti 1.3 hadi 1.5 hivi, ikiwa chini ya 1 baada ya siku zote hizo za kuchaji hiyo ni maiti. Weka mpya kama ya zamani ilivyokaa, na kile kipande chembamba cha plastiki cha kuzuia shoti kama kipo kirudi palepale, watu wanakitupa wakidhani ni takataka.

Raba ya kuzuia maji itoe uiangalie. Ikiwa imelala bapa au inanata, nunua nyingine ya kipimo hicho. Ikiwa nzima, ifute na uipake grisi ya silikoni kidogo sana, usitumie vaselini wala mafuta ya cherehani. Hata ukifanya vizuri, saa iliyofunguliwa nyumbani usiogelee nayo mpaka ipimwe kwa mashine ya presha, na ukitawadha ivue.

Kuhusu dawa ya meno, kwenye kioo cha plastiki inasaidia kidogo, ila Eco-Drive nyingi zina kioo cha madini, yaani kioo kigumu chenyewe sio plastiki, na hapo utasugua mpaka uchoke. Badilisha kioo ukitaka, lakini kiwe kinachopitisha mwanga kabisa bila rangi, maana paneli iko chini ya uso wa saa na inakula mwanga unaopenya humo. Kwa sababu hiyo hiyo mtu asikuambie apake rangi upya uso wa saa, ataizima sola bila kujua. Zile saa za Citizen za Crystron Solar Cell za mwaka 1976 ziliweka paneli wazi juu unaziona, hii yako imezificha tu chini ya uso. Na mikwaruzo ya kesi mimi ningeiacha, ni ya mkono wa mzee.

Betri mpya ikiingia ichaji tena siku kadhaa, afu iweke kwenye droo wiki nzima ulinganishe na simu. Ikisimama mapema tena basi mashine inakula umeme kupita kiasi, labda mafuta yamekauka au kuna uchafu kwenye gia, hapo mtafute fundi mwenye mita ya kupima mikroampea, yaani umeme mdogo sana, saa ya mishale yenye afya inakula kama mikroampea 1 hivi. Ukishazisoma zile herufi na tarakimu nne za mwanzo kwenye mgongo wa saa niandikie, nikuambie betri yake ni ipi kabla hujatoa hela.