Jibu: Folda zote kwenye flashi zimegeuka shotikati

Habari ndugu, pole sana. Umesema flashi uliipeleka steshenari huko Nkuhungu kuprinti barua, ukaichomeka nyumbani, sasa folda zote ni shotikati na kompyuta imekuwa nzito. Usiformati! Mafaili yapo, kirusi ameyaficha tu. Mimi yalinikuta hayohayo na picha za msiba wa bibi, nusura nilie.

Anza na kompyuta kwanza, chomoa flashi, apdeti Windows Security, ile antivairasi inayokuja yenyewe na Windows 10 na 11, kisha ingia Scan options uchague Microsoft Defender offline scan, itajizima na kujiwasha, ni kama dakika 15 hivi usiikatize, kama ni laptopu chomeka chaji kabisa.

Ndo urudishe flashi sasa, na usibofye shotikati hata moja maana ukibofya tu umemwamsha kirusi upya. Iskani, halafu fungua cmd (lile dirisha jeusi la kuandikia amri, itafute kwenye Start) uandike:

attrib -h -r -s /s /d E:\*.*

E ni mfano tu, weka herufi ya flashi yako, angalia kwenye This PC. Folda zikitokea futa shotikati zote.

Nywila za imeili na benki badilisha leo leo, ila tumia simu, sio hiyo kompyuta. Na zile antivairasi za kukraki (zilizovunjwa leseni) watu wanazogawiana kwenye flashi usiziguse, nyingi ndo zinabeba programu za kukupeleleza.