Chini ya mwembe nipande nini?

SWALI: Chini ya mwembe wangu nyasi hazioti. Nifanyeje? – Msomaji, Kigamboni

JIBU: Achana na ukoka, huo ni mmea wa juani. Panda manjano au tangawizi, vinastahimili kivuli chepesi. Pogoa matawi ya chini mwanga upenye. Mwanzoni mwa Machi, kabla masika hayajashika, fukia vipande vyenye macho (vinundu vinavyochipua) kina cha sentimita 5, nafasi ya sentimita 30, ukianzia mita moja na nusu kutoka shinani. Ukigonga mzizi mnene sogea, usiukate. Mchanga wa huko hauna nguvu: changanya ndoo ya mboji kila mita ya mraba. Ila usiirundike shinani, gome litaoza. Kiangazi mwagilia zaidi, maana mwembe ndio unaokunywa kwanza.