Fyuzi ya ampea 15 ikikatika usiweke ya 30, utaunguza gari

Mkuu, hiyo fyuzi ya 30 ya taa za mbele itoe leo, salamu baadaye. Unasema ya 15 inakatika kila mara, taa ya kushoto imefifia, vioo vya taa vimekuwa vya njano, na fundi anataka kukuuzia na globu za wati 100 "uone mbali". Huyo fundi au pacha wake ndiye aliyenilaza porini.

Corolla yangu ilikuwa hivyohivyo: kwenye lami shwari, ikigusa makorongo fyuzi kwisha. Fundi akacheka, "Bosi, fyuzi za siku hizi feki, weka kubwa." Nikaweka. (Nimesoma HGL, yaani historia, jiografia na lugha, msiniulize fizikia.)

Natoka Sikonge kurudi Tabora usiku, msitu kulia na kushoto, napata harufu ya kuungua. Nikajua wachoma mkaa hao. Kumbe moshi unatoka chini ya usukani wangu! Taa zote zikazima, nikasimama kwa kupapasa.

Nyuma ya taa ya kushoto waya ulikuwa unasuguana na bati hadi ganda likaisha. Ukiruka shimo, unagusa bodi. Ile ya 15 ilikuwa inakatika kuokoa waya. Ya 30 ikatulia tu, waya ndio ukaungua badala yake. Swichi ya usukani iliyeyuka, nyaya zikagandana kama tambi zilizolala. Laki nne na ushee, na fundi hapatikani hewani mpaka leo.

Kwa hiyo ampea zibaki zilezile zilizoandikwa kwenye kifuniko cha boksi la fyuzi. Kutafuta tatizo, chomoa globu zote mbili, weka fyuzi nzima, washa taa. Ikikatika bila globu, waya unagusa bodi mahali. Isipokatika, tikisatikisa nyaya kila zinapopita kwenye bati; ikikatika, kagua hapohapo.

Globu ya wati 55 inavuta ampea 4.6 hivi, ya 100 inapita 8, kwenye soketi ileile ya plastiki. Utaona mbali kweli, utaona na moto.

Kufifia, fungua bolti ya athi (inayofunga waya wa taa kwenye bodi) karibu na taa, piga msasa kutu yote, kaza. Na rewaya, yaani fundi umeme wa gari, akija bila mita, anapima kwa kugusisha waya upige cheche, mpe maji ya kunywa aende zake.