Kuhesabu Maneno au Kutumia Modeli Kubwa?

SWALI: Mhariri, ninasomea sayansi ya kompyuta hapa Mombasa, na mradi wangu ni kuifunza kompyuta itambue kama wateja wa mikahawa ya Mji wa Kale wanasifu au wanalalamika. Nimekusanya maoni yasiyofika elfu mbili, yote kwa Kiswahili. Wenzangu wananihimiza nitumie modeli kubwa kama BERT, yaani programu iliyokwisha kufunzwa lugha kwa maandishi mengi, ilhali mwalimu wangu anataka nianze kwa kuhesabu maneno. Nimsikilize nani?
Msomaji, Kisauni

JIBU: Ndugu msomaji, msikilize mwalimu wako, ila usiishie kwenye maneno mazima.

Njia iitwayo mfuko wa maneno hutazama ni maneno yapi yamo katika ujumbe, bila kujali mpangilio wake. Mwaka 2002 Pang, Lee na Vaithyanathan waliijaribu kwa hakiki za filamu za Kiingereza, na modeli yao bora ilipata usahihi wa asilimia 82.9 kwa kuangalia tu kama neno limo au halimo. Walipohesabu limetokea mara ngapi, usahihi ulishuka hadi asilimia 72.8. Jaribu pia TF-IDF, njia ya kuyapa maneno uzito, inayotumia wazo alilolitoa Karen Spärck Jones mwaka 1972 la kupunguza uzito wa maneno yaliyoenea kila mahali. Lakini usifute maneno mafupi kwa pupa, kwa kuwa ukiondoa "si" katika "pilau si mbaya" umegeuza maana nzima; afadhali uhesabu na jozi za maneno yanayofuatana.

Ugumu wa Kiswahili ni kwamba mara nyingi ukanushi umo ndani ya neno lenyewe. Kwa mfuko wa maneno, "iliridhisha" na "haikuridhisha" hayana uhusiano wowote, na katika maoni machache kama yako, maumbo mengi ya kitenzi yatatokea mara moja tu. Kwa hiyo kata maneno katika vipande vya herufi tatu hadi sita. Vipande vya "ridhisha" vitayaunganisha maneno hayo mawili, na kipande kama "ikurid", kinachovuka mpaka wa kiambishi na mzizi, ndicho kitakachoifunza modeli kwamba hapa sifa imekanushwa. Vipande hivyo hustahimili pia makosa ya tahajia, ambayo katika ujumbe wa simu hayakosi. Mimi ningeanzia hapo.

Vekta za maneno, yaani safu za namba zinazowakilisha kila neno, kama za word2vec ya mwaka 2013, hujifunza kutokana na maneno jirani. Kwa kuwa watu husema "chakula kizuri" na "chakula kibaya" katika mazingira yale yale, sifa na lawama hukaribiana mno kwa kazi yako.

Modeli kubwa husoma neno pamoja na muktadha wake, na XLM-R ya mwaka 2019 ilifunzwa kwa lugha 100, Kiswahili kikiwemo. Ijaribu baadaye, ukiongeza data ya AfriSenti ya mwaka 2023, yenye ujumbe wa Twitter katika lugha 14 za Kiafrika, na ya kwetu imo. Kwa maoni machache, hata hivyo, matokeo yake huweza kuyumba kila unapoifunza upya, basi irudie mara kadhaa kabla ya kuilinganisha na njia nyepesi.

Katika kulinganisha, usahihi wa jumla usikupumbaze: sifa zikiwa nyingi, modeli inayojibu "sifa" kila mara itaonekana hodari. Pima F1 ya kila kundi, yaani alama inayojumlisha ni mangapi modeli imeyapata na ni mara ngapi haikukosea ilipoyataja, na ukokotoe uzito wa TF-IDF kwa maoni ya kuifunzia modeli pekee, si yale ya kuijaribia.