Kabla ya Kuvaa Suti ya Mabawa: Ushauri kwa Vijana wa Nyanda za Juu Kusini

Kijana mmoja wa Mwanjelwa, mjini Mbeya, aliniletea nyumbani, Uyole, suti ya mabawa, yaani vazi la kurukia angani, aliyoshonewa na fundi cherehani wa sokoni. Ilikatwa kutoka kwenye turubai jepesi la bluu, ikatiwa zipu za mabegi ya shule, ikawa na mabawa mawili kutoka viganjani hadi kiunoni na la tatu katikati ya miguu. Mshono ulikuwa umenyooka, kwa maana fundi yule anaijua kazi yake. Kijana aliniomba nimwonyeshe mahali pa kuanzia, na yeye mwenyewe alishapachagua: ukingo wa milima juu ya Chimala, kwenye barabara ya kona hamsini na saba iendayo Matamba, ambako mtu akisimama anaiona Usangu yote imelala chini yake. Nilimkaribisha akae, nikatandika mkeka, nikamtolea vifaa vyangu vya kurukia kimoja baada ya kingine. Niliyomwambia jioni ile nayaandika hapa kwa ajili ya wengine wenye shauku kama yake, kwa sababu shauku hiyo naiheshimu, na nisingependa kumzika mwenye nayo.

Jambo la kwanza ni kwamba suti ya mabawa haimtui mtu chini. Inampeleka mbele na kupunguza kasi ya kushuka, lakini mwisho wa safari ni parachuti, na asiyeijua parachuti hana safari. Anayeruka kutoka kwenye ndege bila suti hiyo, kifua kikiwa chini, hushuka kwa kasi ya karibu kilomita 200 kwa saa. Aliyevaa suti na kuimudu hushuka kwa nusu ya kasi hiyo au chini yake, huku akisonga mbele kwa zaidi ya kilomita 150 kwa saa. Kasi hiyo ya mbele ndiyo inayotupendeza, na ndiyo hiyo hiyo isiyomruhusu mtu kugusa ardhi kwa miguu yake akabaki mzima. Mwingereza Gary Connery alitua bila parachuti mwezi Mei 2012, lakini alitua juu ya lundo la maelfu ya maboksi yaliyopangwa kwa hesabu, naye alikuwa mtu aliyefanya kazi ya kuruka kwa miaka mingi.

Kuhusu kujishonea, historia imekwisha kusema. Tarehe 4 Februari 1912, fundi wa nguo aitwaye Franz Reichelt aliruka kutoka ghorofa ya kwanza ya mnara wa Eiffel, Paris, kimo cha mita zipatazo 57, akiwa amevaa vazi la parachuti alilolishona kwa mikono yake, akafa papo hapo. Hata Patrick de Gayardon, Mfaransa aliyetengeneza suti ya mabawa ya aina tunayoivaa sasa, hakuuawa na suti: alikufa Hawaii mwezi Aprili 1998 kutokana na mabadiliko aliyokuwa ameyafanya mwenyewe kwenye begi la parachuti yake. Mtu huyu alikuwa na ujuzi kuliko karibu kila mrukaji wa zama zake. Kwa hiyo ninapowaambia wanaoanza kwamba uzi mmoja wa begi la parachuti hauguswi isipokuwa na fundi wa parachuti mwenye cheti, siwadharau mafundi wa Mwanjelwa wala siwadharau ninyi.

Tofauti ya kitambaa niliionyesha kwa mkono. Bawa la suti halisi lina tabaka mbili, na mbele yake yapo matundu ya kuingizia hewa. Upepo ukiingia, bawa linavimba na kukakamaa kama godoro lililojazwa upepo, na ndipo linapombeba mtu. Turubai la kijana lilikuwa tabaka moja, na hewani lingepigapiga kama bendera, upande mmoja ukivuta kuliko mwingine, hadi limzungushe kama pia.

Sasa nifike kwenye kiini. Suti ya mabawa inampa mrukaji muda mrefu zaidi angani, lakini inamnyang'anya vitu vitatu alivyokuwa akivitegemea bila kuvifikiria: mikono yake, kifaa chake cha dharura, na utulivu wa parachuti inapofunguka.

Mikono imefungwa ndani ya mabawa. Parachuti ikishafunguka, mrukaji wa kawaida huinua mikono mara moja akashika breki, yaani kamba za kuiongozea parachuti, au mikanda ya juu. Aliyevaa suti, kwa nyingi ya suti hizo, lazima kwanza afungue zipu za mikono, na katika sekunde hizo parachuti inaelekea inakotaka. Wapo waliotumia sekunde hizo kuelekea kwa mwenzao. Ndiyo maana tunafanya mazoezi ya zipu tukiwa tumesimama ardhini, macho yamefumbwa, mara nyingi mpaka vidole vijue njia vyenyewe.

Kifaa cha dharura ndicho ambacho wageni wengi hukielewa vibaya, na naomba hapa msome polepole. Tangu mwaka 1991 vimekuwepo vifaa vya kielektroniki, maarufu zaidi kikiwa CYPRES, ambavyo hukaa ndani ya begi na kupima kimo na kasi. Mtu akipita kiasi cha mita 225 juu ya ardhi akiwa bado anaanguka kwa kasi ya mita 35 kwa sekunde au zaidi, kifaa kinakata kitanzi kinachoifunga parachuti ya akiba, nayo inafunguka yenyewe. Kimeokoa watu wengi sana. Lakini mita 35 kwa sekunde ni kilomita 126 kwa saa, na tumekwisha kuona kwamba aliyevaa suti hushuka polepole kuliko hapo. Mtu aliyepoteza fahamu huku mabawa yake yangali wazi anaweza kufika ardhini bila kifaa cha aina hiyo kuamka, kwa sababu kwa hesabu zake hakuna anayeanguka. Kifaa kipo begini, kina betri nzima, kimewashwa asubuhi, na bado hakitoi msaada. Kivaeni, lakini msikihesabu miongoni mwa mambo yatakayowaokoa.

Utulivu wa parachuti unatokana na mwili. Ukivuta ukiwa umeinama upande mmoja, au bawa moja limefungwa na jingine liko wazi, kamba hujisokota juu ya kichwa chako. Nyuma yako pia suti huacha hewa iliyovurugika, na kiparachuti kidogo kinachotangulia kuivuta kubwa kinaweza kuning'inia humo bila kushika upepo. Kwa hiyo kwa suti tunatumia kiparachuti kikubwa kidogo chenye ugwe mrefu zaidi, na parachuti kuu tunachagua pana, pole, yenye vyumba saba vya hewa, ya aina inayofunguka taratibu na kwa unyoofu. Ile ndogo yenye kasi, ambayo vijana huipenda kwa kutua kwa madaha, haifai hapa. Tena mtu huvuta mapema: anayejifunza suti huvuta kwenye kimo cha mita 1,500 hivi juu ya ardhi, ili kamba zikijisokota apate muda wa kupiga miguu na kuzisokotoa, na zikikataa aiachie kuu na kutumia ya akiba angali na kimo cha kutosha.

Kuna jambo dogo ambalo mimi lilinifundisha kwa hofu. Mikanda ya mapaja ndiyo inayomshikilia mtu ndani ya begi lake, na suti ya mabawa inaifunika kabisa. Katika kuruka kwangu kwa nne na suti, huko pwani ya Diani, Kenya, nilivaa haraka kwa sababu ndege ilikuwa imekwisha washwa. Zipu zote zilifungwa vizuri, kofia ilikaa, altimita, kifaa cha kupimia kimo, ilisoma sifuri. Dada mmoja tuliyekuwa naye alinizuia, akapiga magoti, akapitisha kiganja juu ya paja langu la kulia kwa nje ya kitambaa, kisha la kushoto. La kushoto hakusikia kitu kigumu. Bakoli ya mkanda ilikuwa inaning'inia ndani, haijafungwa. Nilivua suti yote pale pale uwanjani, na ndege ikaondoka bila mimi. Tangu siku hiyo naikagua mikanda kwa mkono kabla ya kuvuta zipu, na nikishavaa namwomba mtu mwingine aiguse tena, na sioni haya kumwomba mgeni kabisa.

Wakati wa kutoka ndegeni, weka mabawa yamefungwa kwa sekunde mbili hivi. Ukiyafungua mlangoni, upepo unakuinua moja kwa moja kwenye mkia wa ndege.

Kwetu huku kuna hesabu nyingine ambayo wa pwani hawaijui. Diani unarukia usawa wa bahari, lakini Mbeya mjini ni takriban mita 1,700 juu yake. Ndege ikikupandisha mita 4,500 kutoka usawa wa bahari, kimo ambacho juu yake warukaji huhitaji hewa ya oksijeni, juu ya Mbeya unakuwa na mita 2,800 tu za kuangukia; ukitaka mita 4,000 ulizozizoea, utakuwa kwenye mita 5,700, na bila oksijeni akili huanza kupungua kabla mwenyewe hujatambua. Hewa nayo ni nyepesi kwa karibu sehemu moja ya sita, hivyo parachuti ile ile inatua kwa kasi kubwa zaidi, kwa asilimia nane au tisa, na siku ya joto huzidi hapo. Aliyejifunzia pwani na kuzoea kukimbia hatua tatu anapotua, hapa atajikuta anahitaji tano. Altimita irekebishwe isome sifuri kwenye uwanja utakaotua, si kwenye uwanja uliotokea. Na kabla ya yote hayo, ruhusa ya Mamlaka ya Usafiri wa Anga inahitajika, kwa kuwa anga la uwanja wa ndege wa Songwe lina ndege za abiria.

Kuhusu ukingo wa Chimala, jibu langu lilikuwa hapana, na bado ni hapana. Kuruka kutoka mlimani hakuna parachuti ya akiba yenye maana, kwa sababu muda wa kuitumia haupo. Na upepo wa mchana unapovuka ukingo na kushuka upande wa pili hujiviringisha kama maji yanayopita juu ya jiwe, nawe huuoni. Miteremko yetu mingi pia imelala, haikusimama wima kama ukuta, na suti mpya inahitaji mita nyingi za kuanguka kabla haijaanza kubeba.

Njia iliyopo ni ndefu. Chama cha warukaji cha Marekani kinamtaka mtu awe na leseni na awe ameruka mara 200 kabla ya kuvaa suti ya mabawa kwa mara ya kwanza, na mimi naiona idadi hiyo kuwa ya chini. Gharama yake ni kubwa, na sitamficha mtu: wengi wetu tumeweka akiba kwa miaka. Lakini kukunja parachuti kunaweza kujifunzwa Uyole, na kusoma mawingu yanavyoufunika mlima Loleza asubuhi na kutawanyika saa nne hakuhitaji hata shilingi.

Kijana alirudi Jumamosi iliyofuata. Tuliitandaza parachuti yangu kuu sebuleni, nikamwonyesha jinsi ya kuhesabu kamba kutoka kwenye mikanda hadi kwenye kitambaa, kisha nikakaa pembeni. Alitumia saa moja na robo, akakunja vibaya, akaifungua yote, akaanza tena kuhesabu kamba kutoka ya kwanza.