Mjue mdudu kwa umbile lake kabla ya kukimbilia dawa

Kila msimu wa mavuno hapa Tabora wakulima wenzangu wananiuliza swali lile lile: "Mama, ninunue dawa gani?" Nami nawajibu kwa kuuliza: mdudu mwenyewe umemwona? Ana miguu mingapi? Kichwa chake kikoje? Nimelima mahindi na kufuga nyuki kwa miaka mingi, na pesa nyingi ninazoona zikipotea huku Uyui na Sikonge zinapotea kwa sababu mtu amenunua dawa kabla hajamjua adui.

Wadudu, kupe, nge, tandu, hata kaa wa Ziwa Tanganyika kwa wenzetu wa Kigoma, wote wako katika kundi moja kubwa liitwalo athropoda. Spishi zao zilizokwisha kupewa majina zinazidi milioni moja, yaani ni nyingi kuliko za wanyama wengine wote ukiwajumlisha. Ndani ya mwili hawana mfupa hata mmoja. Kinachowashikilia ni gamba la nje la kitini, yaani dutu ngumu, mwili una pingili, na miguu ina maungio. Gamba hilo halikui, kwa hiyo mwenyewe hulivua kila anapozidi ukubwa na kuota jingine. Mwenye miguu sita ni mdudu kamili: ana kichwa, kifua na tumbo. Mwenye minane ni jamaa ya buibui, nge na kupe. Hayo yakikaa kichwani, mengine yanafuata.

Nianze na dumuzi, mdudu anayetoboa mahindi ghalani, maana huyu Tabora tunamjua kuliko wengi. Asili yake ni Meksiko na Amerika ya Kati, na alipoingia Afrika mwishoni mwa miaka ya 1970 ni mkoani kwetu alikoonekana kwanza. Wengine wanamwita Scania. Mchukue mmoja, mweke kiganjani, msogeze kwenye mwanga. Ana urefu wa milimita 3 hadi 4, rangi ya kahawia iliyokolea, mwili wa mviringo kama kipande cha kijiti. Ukimtazama kutoka juu kichwa hukioni, kimeinama chini ya kifua, na nyuma mwili umekatika ghafla. Fukusi, mdudu mwingine wa mahindi ghalani, ni tofauti kabisa: kichwa kinaonekana, na mbele kimerefuka kikawa mdomo mwembamba.

Kwa nini nakazania tofauti hiyo? Kwa sababu kiuatilifu cha pirimifosi-methili kinamweza fukusi vizuri lakini kwa dumuzi ni dhaifu, na pemethrini inamweza dumuzi zaidi kuliko fukusi. Ndiyo maana dawa ya unga ya ghalani huchanganywa zote mbili. Soma kibandiko kabla hujalipa. Halafu pukuchua mahindi mapema. Dumuzi anapenda muhindi ulio kwenye gunzi, maana punje zimeshikana na anapata pa kujikaza anapotoboa. Makopa, yaani mihogo mikavu, nayo anayala, na anajificha kwenye miti mikavu, kwa hiyo nguzo za ghala la zamani zikaguliwe kabla ya kuingiza mavuno mapya.

Ukiweza, tumia mifuko ya tabaka tatu isiyopitisha hewa. Mdudu hana mapafu. Anapumua kwa vitundu vidogo vilivyo ubavuni mwa pingili zake. Ukifunga mfuko barabara, waliomo ndani wanaitumia oksijeni mpaka inapungua, wanaacha kula, kisha wanakufa bila dawa yoyote. Ila mahindi yawe yamekauka sawasawa, la sivyo utafungua ukute ukungu. Na usiwe unafungua kila siku kuchota ya ugali. Kwenye maharage majivu yanasaidia, kwa kuwa yanakwangua nta iliyo juu ya gamba na mdudu anakauka. Kwa dumuzi majivu peke yake siyategemei.

Kupe hesabu yake ni nyingine. Akitoka kwenye yai ana miguu sita, baadaye ndiyo anapata minane, kwa hiyo vile vidogo unavyoviona kwenye nyasi usividharau. Kupe wa masikioni, anayeeneza ugonjwa wa ng'ombe uitwao ndigana kali, anaanguka chini kila anaposhiba, anajivua gamba, kisha anapanda kwa mnyama mwingine. Josho la mara moja halimmalizi. Lazima ufuate ratiba ya mtaalamu wa mifugo. Akikung'ang'ania mwenyewe, mbane na kibanio karibu kabisa na ngozi, umvute taratibu kwa kunyoosha juu. Usimchome moto wala kumpaka mafuta.

Watoto nawafundisha tandu na jongoo, basi. Tandu ana jozi moja ya miguu kwa kila pingili, anakimbia, na anauma kwa kucha zenye sumu zilizo chini ya kichwa. Jongoo ana jozi mbili kwa pingili nyingi, anatembea polepole, haumi. Huyo mwache ale majani yaliyooza, anatutengenezea udongo. Ila aliyemshika anawe mikono, majimaji yake yanawasha macho.

Mkienda porini kuvuna asali, msivae bluu wala nyeusi. Mbung'o anavutwa na rangi hizo, ndiyo maana mitego yake inashonwa kwa vitambaa hivyo. Utamjua kwa mabawa yanayolaliana mgongoni kama mkasi uliofungwa. Malale, ugonjwa anaoueneza, bado yapo kwenye mapori yetu. Homa baada ya kuumwa na mbung'o ikapimwe.

Na mnaopulizia mashamba, nawasihi: msipulizie maua yakiwa wazi na nyuki wako kazini. Subirini jua lizame, na mwambieni jirani mwenye mizinga siku moja kabla. Nyuki naye ni mdudu wa miguu sita, na dawa nyingi za wadudu hazimbagui. Akikuchoma, mwiba wake una vijino vinavyonasa, unabaki kwenye ngozi pamoja na kifuko kinachoendelea kusukuma sumu. Ukwangue haraka kwa ukucha, uondoke pale, kwa sababu harufu yake inawaita wenzake. Anayevimba uso au kubanwa pumzi apelekwe hospitali saa hiyo hiyo.