Jiografia na kazi ya benki

Dada, umeuliza kama mdogo wako anayesoma jiografia Makerere anaweza kuajiriwa benki. Anaweza kabisa. Kazi zinazodai kozi maalumu ni chache, kama udaktari, uuguzi, uhandisi, na sheria, ambako hata ukiwa na shahada bado unapitia LDC (Law Development Centre, chuo cha mafunzo ya uwakili) ndipo uwe wakili. Hata Kizza Besigye, mwanasiasa wa upinzani Uganda, alisomea udaktari hapo hapo Makerere, na leo wengi wanamjua kwa siasa tu.

Ila asikae akisubiri cheti. Likizo aombe kujitolea kwenye SACCO (chama cha akiba na mikopo) ya mtaani: apokee akiba, ajaze daftari la mikopo, awapigie simu wanaochelewa kulipa (hapo ndipo atajua watu!). Na Excel aijue vizuri. Kuhama kozi sasa, hapana, karo yenyewe mnaijua.